Bahasha imefika, wewe uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na Wakatoliki wenzangu wa hapa Moshi mjini, hasa wababa na vijana, na wa Arusha hapo jirani nao wakisoma sidhani kama watasema hayawahusu. Naongea habari ya jumuiya, zile jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ambazo Wakatoliki majirani tunakutana kusali nyumba kwa nyumba kila wiki. Sisemi ya watu wengine, naanza na ya kwetu maana ndo ninayoijua, mimi ni katibu wake huu mwaka wa nne na tangu mhazini wetu ahamie Babati daftari la hela nalo nimeachiwa mimi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tisa. Kwenye daftari tuna kaya 34. Tisa, na kati ya hao wawili ni watoto wa mwenye nyumba ambao wangekuwepo tu hata tusingekuja, na mwanaume alikuwa mmoja, mzee wetu wa miaka 78 anayetembea na fimbo. Lakini bahasha za michango nilizopokea asubuhi ile ni 21, nimezihesabu mara mbili. Nyingine kaleta mtoto anahema anasema baba kasema shikamoo yuko kwenye gari anawahi, nyingine nimekabidhiwa getini na dada wa kazi ambaye hata sio Mkatoliki, nyingine sio bahasha kabisa ni meseji ya M-Pesa imeingia saa 12 na dakika kumi katikati ya Salamu Maria, simu ikalia mfukoni nikaona aibu. Alafu tukienda mkutano wa kanda tukasoma taarifa tunapigiwa makofi maana makusanyo yetu yako juu kuliko jumuiya zote za kanda. Mara ya mwisho walivyopiga makofi mi niliinama, sikuweza kuwaangalia usoni, maana wanaoshangilia wameona zile hela na hawajaona viti.

Watu wengi wanadhani Kanisa ni Dominika. Unaamka, misa ya kwanza kama una haraka, ile ya saa 4 kama una watoto, unaimba, unasikiliza homilia, unatoa sadaka, matangazo ya ndoa, mnada wa ndizi na mayai pale nje, unarudi nyumbani kupika. Ni kweli na misa ndo kilele, hilo sibishani na mtu. Lakini tangu nishike ukatibu ndo nimeona ile misa inabebwa na wiki nzima. Lile kanisa ulilolikuta limepigwa deki na maua mabichi altareni, Jumamosi kuna jumuiya ilikuwa zamu, wamama wamekuja na ndoo zao na matambara yao kutoka nyumbani. Yule aliyesoma somo la kwanza akapita kwenye majina magumu bila kujikwaa, alilisoma mara nne jumuiyani tukimsikiliza. Wale waliopanda altareni na vipaji vya sadaka walipangana kwenye kibaraza cha mtu saa moja kasoro asubuhi. Katikati ya wiki kwaya wana mazoezi, Alhamisi kuna kuabudu Ekaristi, Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni Moyo Mtakatifu wa Yesu na padre anapita kuwapa wagonjwa Komunyo, na Kwaresima ikiingia kila Ijumaa ni Njia ya Msalaba vituo 14, wazee wanapiga magoti kwenye sakafu na wanainuka wenyewe kwa kushika benchi.

Na jumuiya yenyewe sio kitu kirefu. Saa 12 asubuhi, wimbo, sala, tunasoma Injili ya Dominika inayokuja, tunashirikishana neno, maombi, matangazo, baraka, na saa moja na robo watu wanatawanyika kwenye shughuli. Masomo ya Dominika yanazunguka miaka mitatu, mwaka wa Mathayo, wa Marko, wa Luka, na Yohane anaingia ingia hapo katikati, mzee wetu wa fimbo yuko jumuiyani tangu mwaka 1983 kwa hiyo hesabu mwenyewe kazunguka mara ngapi, na bado akisikia Injili anasema leo nimesikia neno ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia.

Kuna bibi kwenye jumuiya yetu hatoki kitandani mwaka wa sita huu. Huyu nataka nimuelezee kwa kirefu kidogo. Tunaenda kwake Alhamisi jioni kusali rozari, na bibi ratiba yake ya rozari ni ya zamani. Rozari ina mafungu ya matendo, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria tunayoyatafakari, na kila fungu lina siku zake. Sisi Alhamisi tunasali matendo ya mwanga, ambayo aliyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, lakini bibi alifundishwa rozari akiwa mtoto kule Kilema wakati Alhamisi bado ni matendo ya furaha, kwa hiyo tukifika tukaanza na Yesu kubatizwa mtoni Yordani yeye anaanza na Malaika kumpasha habari Maria, kwa sauti, macho amefumba, wala yeye hatusikii sisi. Mwanzo tulijaribu kumuelekeza. Sasa tumeacha, tunamfuata yeye mpaka Yesu anapopatikana hekaluni, alafu ndo tunasali ya mwanga na yeye anapitiwa na usingizi tukiwa tendo la tatu la nne hivi. Akiamka anauliza mmeshamaliza, tunamwambia bado bibi, anafurahi. Kwa bibi huyu wiki ina siku mbili tu, hiyo Alhamisi na ile Ijumaa ya kwanza anayoletewa Komunyo, nyingine zote ni dari tu analoangalia.

Sasa ile Ijumaa lazima kuwe na maandalizi. Meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka, na bibi akae ameinuliwa mgongo ili aweze kupokea bila kupaliwa. Kumuinua ndo kazi. Ni mtu mzito, mifupa inamuuma, na anaona haya kushikwa shikwa. Tulikuwa tunamuinua wanawake watatu wa umri wangu, wa hamsini na kitu, na Ijumaa moja alituteleza. Hakuanguka, alibaki ameegemea ukingo wa kitanda huku anasema msiogope wanangu, lakini sisi tulitetemeka mpaka padre anafika. Wakati ule nilikuwa na bahasha za wababa wanne wa mtaa uleule kwenye pochi yangu, wababa wenye afya kabisa, mmoja geti lake linatazamana na la bibi.

Sisemi bahasha ni mbaya, naomba nieleweke hapo. Kulitegemeza Kanisa ni mojawapo ya amri za Kanisa, tulizikariri wote kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza, padre anakula, katekista ana watoto, bati likivuja halisubiri, na Mtume Paulo kawaambia Wakorinto kwamba Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Nachosema ni kwamba bahasha imegeuka kuwa mtu. Mtu anaituma ikae kwenye kiti chake, na akishaituma moyo wake umetulia, ameshashiriki. Nimemfikiria sana yule mjane wa kwenye Luka 21 na senti zake mbili. Watu tunamhubiri kwa ajili ya zile senti, lakini mi siku hizi naona kwanza kabisa alienda mwenyewe. Alitoka kwake, akatembea mpaka hekaluni, akapanga mstari na matajiri, akafika mbele. Angezituma kwa mtoto wa jirani Yesu angemuonea wapi?

Mwezi wa pili alinijia kijana mmoja jioni, kavaa vizuri, kanisalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, mimi ni wa jumuiya yako nahitaji barua nataka kufunga ndoa. Nikafungua daftari. Kweli jina lipo, mwaka mzima hajaruka hata mwezi mmoja, zaka ipo, ujenzi kamaliza, hadaiwi hata senti. Nikachukua kalamu. Sasa ile barua inataka mimi na mwenyekiti tuthibitishe kwamba tunamfahamu na ni mshiriki hai, na mimi nilichokuwa nakifahamu ni namba yake ya simu. Nikamuuliza baba, somo wa jumuiya yetu ni nani? Akanyamaza. Somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tunamsherehekea Mei 1, sikukuu yake aliiweka Papa Pio XII mwaka 1955 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi, yaani watu kama yeye kabisa, na hakujua. Sikumkatalia wala sikumgombeza, nilimhurumia, maana mtu anaenda kuanza nyumba na hana jirani hata mmoja wa kumwambia nyumba imeungua moto. Nikamwambia njoo Jumamosi tatu alafu nitaandika kitu ninachokijua.

Alikuja zote tatu. Jumamosi ya kwanza alikaa mlangoni kama mgeni. Ya pili alisoma somo. Na Ijumaa ya kwanza iliyofuata akaja kwa bibi, hakuna aliyemtuma, akaweka mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti akamuinua bibi peke yake kama anainua mtoto, bibi akamuuliza wewe ni mtoto wa nani, akasema ni wa hapa hapa jumuiyani bibi. Ile barua niliandika usiku uleule na mkono haukusita. Kaoa, na mpaka leo anakuja akiwa hana shifti.

Sasa nisiishie kulaumu watu, na mimi nina langu la kusema na ndo lililonifanya niandike. Watu wanakimbia jumuiya kwa sababu sisi viongozi tumewafundisha kwamba tunachotaka kwao ni hela. Miaka miwili iliyopita tulikuwa na mchango mkubwa, kila kaya ilipangiwa kiasi chake, na tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia na juu wanatupigia simu. Nikasimama jumuiyani na karatasi nikasoma majina. Waliomaliza, waliopunguza, na ambao hawajaanza kabisa. Kwenye ambao hawajaanza jina la mwisho lilikuwa la mama mmoja anauza mchicha Mbuyuni, analea watoto wanne peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kikapu kiko miguuni, maana akitoka pale anapitiliza sokoni. Hakusema kitu. Tulipopeana amani alinipa mkono kama siku zote. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Na kwa miezi mitano.

Na mjue tulipoteza nini hapo. Huyu mama hakusoma sana lakini kwenye kushirikishana neno hakuna wa kumfikia. Kuna Jumamosi tulisoma mfano wa mpanzi, watu tumeongea yale ya siku zote, miiba, miamba, njiani, zamu yake ilipofika akasema mimi nina bustani kidogo ya mchicha, ile mbegu ni ndogo kama vumbi, ukiifukia chini sana kwa kuwa unaipenda haioti, unainyunyiza juu juu unaifunika kidogo tu na unaimwagilia kwa mkono taratibu ili isichukuliwe na maji, basi mi nafikiri watoto wetu tunawafukia neno chini sana. Hakuna aliyeongea baada yake. Mimi nina kijana wangu nilikuwa namgombeza kila Dominika kuhusu misa, nilirudi nyumbani siku ile nikanyamaza, na sasa hivi anakwenda mwenyewe.

Ndo huyo niliyemsoma jina. Nilimfuata Mbuyuni, nikamkuta anafunga mafungu, nikamuomba msamaha palepale mbele ya mchicha wake watu wanapita na mabeseni. Akaniangalia kidogo akasema dada, hela nilikuwa natafuta na ningetoa, mimi nilikuwa nakuja kwa sababu ile saa moja ya Jumamosi ndo saa pekee kwenye wiki nzima ninayokaa chini bila kuuza kitu. Sikuwa na la kujibu. Nilinunua mafungu mawili nikaondoka nalia barabarani. Alirudi mwezi wa nane, nashukuru Mungu. Tangu siku ile mimi sisomi jina la mtu. Mwenye kutaka kujua hesabu yake anakuja namuonyesha mstari wake peke yake, na habari ya michango tumeiweka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza kusali na baraka zimeshatoka, dakika tano. Kuna wenzangu wa kanda walisema makusanyo yatashuka. Hayajashuka, na hata kama yangeshuka ningebaki na uamuzi uleule.

Hivi vitu sio mtu wa Moshi kavitunga. Maaskofu wa nchi zetu hizi kwenye AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikaa miaka ya 1970 wakaona parokia ni kubwa mno, watu elfu na elfu, padre hawezi kumjua kila mtu, na mwaka 1976 wakazifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa ndo kipaumbele cha kichungaji. Walitaka Kanisa liwe mlangoni kwa mtu, watu wachache wanaojuana kwa majina, waishi kama wale wa Matendo ya Mitume waliodumu katika mafundisho na ushirika na kuumega mkate na kusali. Hakuna mahali kwenye wazo hilo pameandikwa kituo cha kukusanyia bahasha.

Na mi naona mjini ndo tunazihitaji zaidi kuliko kule juu vijijini mlimani. Babu yangu alibatizwa Kibosho, misheni ya tangu 1893, ukienda kule mpaka leo jumuiya ni karibu na ukoo, kihamba kwa kihamba, yale mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake, mtu akiumwa moshi usipoonekana jikoni asubuhi jirani anakuja kuuliza. Hata kama hakuna jumuiya wangejuana. Sasa njoo hapa Majengo, Pasua, Njoro, Soweto, nyumba moja wapangaji sita, huyu Mpare, huyu katoka Bukoba, huyu Mbulu, huyu Mrombo, kila mtu na ufunguo wake na luku yake, wanaonana kwenye bomba. Bila jumuiya hawa watu wataunganishwa na nini? Grupu la WhatsApp tunalo na watu 61 wamo, asubuhi ukiweka Injili ya siku unapata ile mikono imefumbatwa mingi tu, lakini yule mpangaji mwenye homa chumba cha nyuma haoni mikono hiyo.

Msiba ndo unafichua. Kuna familia hapa kwetu, watu wazuri, watoaji wazuri sana, wao ndo wale wa bahasha nono kila mwezi, ila kwa mwili hatukuwaona zaidi ya miaka mitatu. Baba yao akafariki. Tulienda jioni ileile, tukasali, tukaimba, wamama wakakamata jiko, siku ya pili tena, siku ya tatu mpaka mwili unapandishwa kwenda kuzikwa kihambani. Mtoto mkubwa, kaka wa heshima tu, akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, mama katibu, mbona jumuiya mmekuja wachache hivi? Nikamwambia baba, ndo sisi wote. Aliangalia wale watu, akahesabu kwa macho, akakaa kimya. Nilimuonea huruma maana sikusema kwa kumkomoa. Miaka mitatu alikuwa anaamini kuna kundi kubwa la watu mahali fulani ambalo bahasha yake inakwenda kukaa nalo.

Najua kuna ambao kweli hawawezi, sio wavivu. Huu mji una walinzi wanaotoka lindo saa 12 asubuhi, manesi, watu wa hoteli, madereva wanaolala Dar, vijana wapagazi wa mlima wanaokaa siku sita saba huko juu na wakishuka miguu imevimba. Kwa hawa sisi viongozi ndo tujirekebishe. Saa 12 ya Jumamosi haikuandikwa kwenye Injili. Mbona zipo jumuiya zinasali katikati ya wiki jioni? Naomba maparoko wetu na halmashauri za walei waliangalie hili, hata kama ni Jumamosi mbili asubuhi na Alhamisi mbili jioni, au mtu wa shifti akubalike kusali jumuiya ya jirani na ihesabike kwenye kadi yake. Kijana akishuka mlimani Jumanne akute kuna sala ya Alhamisi inayomsubiri, atakuja, mimi nawajua hawa watoto, wana imani kubwa kuliko tunavyodhani, wengi ukiwakuta wanaanza safari pale getini wanafanya ishara ya msalaba.

Na wababa. Wababa wangu, kaka zangu. Sijui nani aliwaambia jumuiya ni ya wanawake. Somo wetu mwenyewe ni mwanaume, fundi, hakuna neno lake hata moja limeandikwa kwenye Injili lakini kila mahali alipohitajika alikuwepo, Bethlehemu alikuwepo, Misri alikuwepo, hekaluni alikuwepo. Desemba mkija na ndugu zenu wa kutoka Dar na Nairobi kanisa linafurika mpaka nje, mnaimba mpaka mabati yanatikisika na sisi tunalia kwa furaha, alafu Januari tunabaki na mzee wa fimbo. Kama huna hela ya bahasha njoo bila bahasha, sitakuuliza, naandika hapa gazetini ili iwe ushahidi. Kama wiki hii una dakika ishirini tu njoo na hizo ishirini, usome Injili uondoke. Kama hujui kuomba kwa sauti kaa kimya, tutaomba sisi wewe useme ee Bwana utusikie. Ila mtoto asije tena peke yake na ile bahasha anakimbia, maana na yeye anajifunza, anajifunza kwamba Mungu ni mtu wa kupelekewa kitu getini.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tumekubaliana tusali kwa bibi. Kasema amechoka kusikia Injili kupitia ukutani, anataka awe sebuleni katikati ya watu kama zamani, na kitanda chake ni cha mninga, alichongewa na marehemu mume wake, ni kizito sana na mlango ni mwembamba, kinatakiwa kiinamishwe upande huku yeye tumemkalisha kwenye kiti. Yule kijana wetu atakuwepo, kabadilishana shifti. Wanahitajika wanaume wengine watatu. Ni saa 12 kamili asubuhi, wa jumuiya yetu mnapajua kwa bibi.

Katibu wa jumuiya,
Majengo, Moshi